Jack alijua kuamuru, Hurley alijua majina

Jack Shephard alipangiwa kufa katika kipindi cha kwanza. Watunzi wa Lost, tamthilia ya televisheni ya Marekani, walitaka tumzoee daktari huyo kwa muda mfupi tu: tumwone akikimbia ufukweni kati ya vyuma vinavyowaka, akivuta majeruhi, akimpulizia pumzi mama aliyezimia, halafu wamuue ghafla ili tuelewe kwamba hakuna aliye salama. Wakuu wa televisheni ya ABC walikataa, wakihofia watazamaji wangekasirika. Jack akabaki hai. Kuanzia Septemba 2004 hadi Mei 2010, misimu sita na vipindi 121, mtu aliyetungwa awe shujaa wa jioni moja akalazimika kuishi na matokeo ya ushujaa wake. Naamini uzuri wa tamthilia hii unaanzia hapo. Shujaa akifa mapema hubaki safi milele. Akibaki, lazima agawe maji.

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wengi wetu tunaifahamu kwa jina la Les Disparus, kwa sauti za Kifaransa, misimu ikihama kutoka fleshi moja hadi nyingine na kipindi kimoja au viwili vikikosekana njiani. Mimi na yaya, dada yangu mkubwa, tumeitazama tena yote mwaka huu, jioni umeme unapokuwepo, na tumebishana karibu kila usiku. Makala haya yametoka katika mabishano hayo.

Kwa asiyeijua: ndege ya Oceanic namba 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika angani, na watu 48 wa sehemu ya kati wanajikuta hai kwenye kisiwa kisicho kwenye ramani. Kila kipindi kinamchukua mtu mmoja na kuturudisha katika maisha yake ya kabla ya ajali. Kuna moshi mweusi unaoua, kuna wenyeji wa ajabu, kuna mitambo iliyoachwa na watafiti wa zamani. Mengi yameandikwa kuhusu mafumbo hayo na mimi sina la kuongeza. Kinachonishika ni jambo jingine. Watu wasiojuana wameanguka mahali pamoja, hakuna polisi, hakuna shefu wa avenue (mkuu wa mtaa), hakuna nyumba kumi, na usiku wa kwanza haujaisha tayari macho yote yanamgeukia mtu mmoja kungoja atasema nini. Mkazi wa Goma anayajua macho hayo. Tuliyaona Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji, na tukayaona tena Mei 2021.

Ninachotaka kusema ni hiki: katika Lost hakuna kiongozi hata mmoja anayekuwa mwema kwa kuongezewa nguvu. Wote wanaokua, wanakua baada ya kushuka kwenye kiti. Na yule anayeketi juu yake mwishoni ni yule ambaye tangu msimu wa kwanza alikuwa akihesabu watu wakati wenzake wakigombania njia.

Tuanze na Jack, maana yaya hakubali asemwe vibaya. Siku ya sita kisiwani maji yamekwisha. Mwanamke mmoja amezama baharini na Jack hakuweza kumfikia. Kijana Boone ameiba chupa za maji zilizobaki, kwa nia njema ya kuzigawa vizuri, na watu wanataka kumpiga. Jack mwenyewe alikuwa amepotea msituni akimkimbilia marehemu baba yake, mzimu au ndoto, na katika kumfuata akafika kwenye mapango yenye maji safi, na jeneza la baba likiwa tupu. Anarudi, anasimama katikati ya watu na kutamka yale maneno ambayo wapenzi wote wa tamthilia wanayakumbuka: wasipojua kuishi pamoja, kila mmoja atakufa peke yake. Ni hotuba nzuri. Lakini mtazamaji ameshaonyeshwa kitu ambacho wasikilizaji wa ufukweni hawakijui. Jack alipokuwa mtoto, baba yake, daktari mpasuaji, alimwambia kwamba hana moyo wa kuwa shujaa, kwa sababu hawezi kushindwa akalala usingizi. Kila uamuzi wa Jack baada ya hapo ni jibu kwa baba ambaye hayupo tena wa kulisikia.

Ndiyo maana vipindi vitatu tu baada ya hotuba hiyo anaruhusu mtu ateswe. Shannon ana pumu, dawa yake ya kuvuta haionekani, na wote wanaamini Sawyer ameificha. Sayid, aliyekuwa askari wa Iraq na aliyeapa kutotesa tena, anamfunga Sawyer kwenye mti na kumchoma vijiti chini ya kucha. Jack anasimama pembeni, anaona, anakubali. Dawa haikuwepo kwa Sawyer hata kidogo. Sayid anajihukumu mwenyewe, anafunga mzigo na kuondoka kambini kwa aibu. Jack habanduki. Hakuna anayemwuliza chochote, na yeye hajiulizi. Nililisimamisha tukio hilo mbele ya yaya kwa makusudi kabisa, tulizungumze.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “wewe unamuhukumu Jack juu unajua mwisho. Ile siku ya kwanza, nani mwingine aliinuka?”

Ni hoja nzito na sitaki kuipita kwa haraka. Mtu anayeinuka siku ya kwanza ana deni letu. Lakini kuinuka ni kazi ya siku ya kwanza, na kisiwa kina siku nyingi. Boone anapovunjika mwili, Jack anajitoa damu yake mwenyewe mshipani ili kumwongezea, anataka hata kuukata mguu wa kijana huyo, mpaka Boone anamwomba aache, amwachie afe. Tunaelewa kwamba hodari wa kuokoa hajui kuachia. Msimu wa tatu unapoisha anaambiwa wazi kwamba walio ndani ya ile meli inayokuja sio waokoaji. Anapiga simu hata hivyo, mbele ya kila mtu, kwa sababu ameshaahidi kuwatoa. Meli inaleta wauaji. Kisha anarudi Marekani na wenzake watano, anaota ndevu za ulevi, anameza vidonge, na kila wiki anapanda ndege akitamani ianguke.

Hapo tamthilia ingeweza kumponya kwa njia rahisi, kumpa adui mkubwa zaidi na ushindi mkubwa zaidi. Walichofanya kinanifurahisha mpaka leo. Walimrudisha kisiwani, lakini mwaka wa 1977, na wakampa kazi ya usafi.

Sawyer alikuwa amefika huko miaka mitatu kabla yake. Mkumbuke Sawyer wa mwanzo: tapeli aliyechukua jina la mtu aliyewaangamiza wazazi wake, aliyelundika dawa na sigara na miwani za marehemu chini ya hema lake na kuuza kila kitu kwa masharti. Msimu wa pili anawachezea Jack na Locke, yule mwindaji wa kambi, mpaka bunduki zote zinakuwa zake, anatangaza kwamba sasa kuna mkubwa mpya, na watu wanamchukia sawasawa na alivyotaka. Mwisho wa msimu wa nne helikopta inavuja mafuta na lazima uzito upunguzwe, na yeye ndiye anayeruka baharini ili wengine wafike. Hakuna aliyemwamuru. Tunapomkuta tena, anaitwa Jim LaFleur, ni mkuu wa ulinzi wa kambi ya watafiti wa Dharma, anaishi kwenye nyumba ndogo na Juliet, anavaa miwani ya kusomea.

Usiku Jack anapofika, anaingia kwenye nyumba hiyo na kumkuta Sawyer ameshika kitabu. Anamshutumu: Sayid amefungwa, mambo yameharibika, na wewe unasoma. Sawyer anamjibu kwa upole kwamba Churchill alikuwa akisoma kila usiku hata London ilipopigwa mabomu, kwa sababu kulimsaidia kufikiri. Kisha anamwambia yale ambayo hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kwa misimu minne: wewe ulipokuwa unaongoza, ulikuwa hufikiri, ulikuwa unashtuka tu na kutenda, na watu walikufa. Sasa nenda nyumbani ukalale. Jack anatoka nje, na usoni mwake kuna kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Amefarijika. Mtu mwingine amebeba.

Yaya alinyamaza muda mrefu baada ya tukio hilo, na yaya si mtu wa kunyamaza.

Nawajua watu wa aina ya Jack. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, na siku zilizofuata ardhi ikitetemeka bila kupumzika, na hasa alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi alipotangaza kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame kwa sababu moto ulikuwa umeingia chini ya mji wenyewe, watu walitoka kwa makundi makubwa: wengine Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine kwa mashua Bukavu, wengine Minova, na sisi na maelfu wengine barabara ya Sake, magodoro kichwani, watoto juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Tulifikia kwenye uwanja wa kanisa. Palikuwa na papa mmoja, yaani baba mtu mzima, mwenye sauti. Aliinuka saa ya kwanza kabisa, akapanga vijana wa kwenda kutafuta maji, akaamua wanawake na watoto walale ndani na wanaume nje, akagombana na waliokuwa wanaziba mlango. Tulimshukuru wote. Hakulala. Baada ya siku chache alikuwa anafoka kwa kila neno, na wale vijana walikuwa wameanza kumkwepa.

Pembeni ya ukuta alikuwa amekaa mama mmoja na kaye (daftari) ya mtoto wake wa shule. Hakuna aliyemchagua. Alianza kwa kuuliza jirani zake majina, kisha jirani za jirani: una watoto wangapi, yupi mdogo kuliko wote, nani ananyonyesha, nani anakunywa dawa ya presha na imebaki ya siku ngapi, mtoto wa nani huyu asiye na mtu. Aliandika yote. Kilipofika chakula kidogo, unga na maharage kutoka kwa wenyeji wa Sake waliokuwa nacho kidogo wao wenyewe, wasambazaji walikuja kwa papa mwenye sauti, na papa akatazama huku na huku, kisha akawapeleka kwa mama mwenye kaye. Jioni hiyo alimpelekea na kiti chake, kile cha plastiki alichokuwa akikalia mlangoni. Akarudi akakaa chini na wanaume wenzake, na usiku huo alilala.

Ninapomwona Hugo Reyes, tunayemwita Hurley, namwona mama yule. Wengi humkumbuka kwa unene wake na mzaha. Rudini mtazame anachofanya. Msimu wa kwanza, watu wakiwa wamefura kwa hofu, yeye anakata majani na kutengeneza uwanja wa gofu, na Jack anadhani ni upuuzi mpaka anapowaona watu wanacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Baadaye kidogo anashika daftari na kuanza kuandika kila mtu: jina, alikotoka, alikuwa anakwenda kufanya nini. Wengine wanahofia kwamba hesabu hiyo inaingilia siri za watu. Hurley anaendelea, analinganisha majina yake na orodha ya abiria wa ndege, na ndiye anayegundua kwamba Ethan, aliyekuwa akila nao na kuwinda nao, hakuwemo kwenye ndege. Wawindaji wote, askari wote na daktari hawakumwona adui aliyekaa kati yao. Aliyemwona ni mwenye orodha.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha nne cha msimu wa pili. Wamefungua handaki la chuma na ndani kuna ghala: makopo, nafaka, chokoleti, siagi ya karanga. Jack na Locke, kwa namna ya wakubwa, wanampa Hurley kazi ya kuhesabu na kupanga mgao, kisha wanaendelea na ugomvi wao. Hurley anaijua hatari mara moja. Kabla ya ajali alishinda bahati nasibu ya mamilioni na akaona urafiki wake wa utotoni ukivunjika kwa sababu ya pesa hizo. Mtu yeyote aliyewahi kushika orodha ya msaada katika mji wetu anaweza kutazama kipindi hiki na kuumwa tumbo. Charlie, rafiki yake wa karibu, anakuja kuomba siagi ya karanga kwa ajili ya Claire, mama wa kichanga, na anapokataliwa anakasirika kabisa. Kila mtu anataka kujua kuna nini ndani na nani anakula. Tumeziona hapa jetoni, zile kadi za kupokelea msaada, zikigawa avenue nzima, watu waliozikana pamoja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya shitingi (turubai) moja. Mkubwa ni jalala, wahenga walisema, na aliyepewa kugawa ni jalala hata kabla hajagawa.

Hurley anaomba atolewe kwenye kazi hiyo, Locke anakataa. Basi anachukua baruti ili alipue ghala lote. Afadhali tusiwe nacho kuliko kitufanye maadui. Nimefikiri sana kuhusu uamuzi huo, kwa sababu ni uamuzi wa kiongozi mbovu: anayekimbia lawama kwa kuharibu mali ya wote. Tamthilia haimfichi. Mama Rose, aliyekuwa akimsaidia kuhesabu huku akifua nguo, ndiye anayemkuta na baruti na kumzuia. Kisha Hurley anafanya hesabu nyingine. Chakula kile ukimpa mtu mmoja mmoja kwa miezi ni sababu ya vita. Ukiwapa watu wote mara moja, ni karamu. Anamwambia Jack mpango wake na Jack, lazima tumsifu kwa hili, anamwacha aendelee. Usiku ule wanakula wote ufukweni, na Charlie anapata siagi yake ya karanga. Uchumi wa jambo hilo unaweza kubishaniwa. Yaya, aliyelea watoto watano, alisema wazi kwamba angeweka nusu. Nakubaliana na yaya kuhusu nusu. Hata hivyo ghala lilikuwa jambo la kwanza kisiwani kushughulikiwa na mtu aliyejiuliza watu watatazamana vipi kesho yake.

Na mnaona jinsi tamthilia inavyomtesa kabla ya kumpa chochote. Mwisho wa msimu wa tatu Sawyer na Juliet wanarudi kupigania wenzao ufukweni, Hurley anaomba kwenda, na Sawyer anamwambia kwamba atakuwa mzigo. Anaondoka kimya. Dakika chache baadaye anatokea msituni akiendesha kile kibasi chakavu cha Dharma alichokifufua zamani ili tu kumpa Charlie moyo, anamgonga adui mmoja na kuwaokoa wote.  

Locke ni huzuni kubwa ya hadithi hii. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameajiriwa kampuni ya maboksi, na baba yake wa damu alimdanganya akampokonya figo, kisha akamsukuma kutoka ghorofa ya nane. Kisiwani anasimama na kutembea. Mtu aliyepewa miguu yake tena ana haki ya kuamini muujiza. Na anajua watu: anamsaidia Charlie kuacha heroini kwa kumwachia yeye mwenyewe achague, anamtengenezea Claire kitanda cha mtoto. Ukimweka bila cheo, Locke ni mzee wa kijiji unayemtamani. Mpe cheo, uone. Boone anapoanguka kwenye kazi aliyomtuma yeye, anamdanganya daktari jinsi ajali ilivyotokea, na uongo huo unapoteza muda wa kutibu. Anapokuwa na kundi lake msimu wa nne, anamfukuza Kate na kumtia Miles, mmoja wa waliokuja na ile meli, bomu la mkono mdomoni. Locke alitaka kuchaguliwa. Kuongoza kulikuwa kidogo sana kwake. Ameuawa kabla hajajua tofauti hiyo, na barua yake kwa Jack, yenye sentensi moja kwamba alitamani angemwamini, ndiyo inayomwangusha Jack kutoka kwenye uhakika wake. Yeye mwenyewe haikumsaidia kitu.

Hapa nina lawama kwa watunzi, na siilainishi. Ana Lucia, aliyekuwa polisi Los Angeles, aliwaongoza abiria wa mkia wa ndege kwa siku 48 katika hali ngumu kuliko ya Jack: watu wao walikuwa wakitekwa usiku. Alikosea, alimfungia shimoni mtu asiye na hatia. Alimgundua pia mpelelezi halisi, Goodwin, na kupambana naye peke yake. Kisha katika mvua na hofu alimpiga Shannon risasi akidhani ni adui. Ni kosa la kutisha. Lakini lipimeni kando ya yale ya Jack, mateso ya Sawyer, simu ya meli. Jack alipewa misimu sita ya kukua. Ana Lucia hakumaliza hata msimu mmoja, na siku ile ile aliyoshindwa kumuua mfungwa kwa sababu alikuwa ameanza kubadilika, Michael, abiria mwenzao aliyetaka kumrudisha mwanawe Walt aliyetekwa, alimpiga risasi, pamoja na Libby, mpenzi wa Hurley. Kate ni jasiri, Juliet ana akili kuliko wote waliomzunguka, Ilana anakufa ghafla kwa mlipuko. Kila mwanamke aliyeelekea kushika uongozi aliondolewa. Katika mji kama huu, ambako mama ndio wanaosimamisha nyumba, soko na sala kila mara vumbi linapotua, hilo ni pengo ambalo haliwezi kujazwa kwa kusema tamthilia ilikuwa ya zamani.

Jin na Sun nitawapitia haraka. Jin anabadilika kutoka mume anayemwamuru mkewe kwa hasira afunge vifungo vya blauzi hadi mtu anayebaki naye ndani ya nyambizi inayozama, na wengi walilia. Yaya hakulia. “Kuko mutoto kwa nyumba,” alisema. “Siwezi acha mutoto juu ya bwana, na yeye asiache mutoto juu yangu.” Sijapata jibu la kumpa.

Benjamin Linus ndiye anayeonyesha gharama kamili. Alitawala kisiwa kwa uongo na hofu kwa miaka mingi, na siku wauaji wa meli walipomwekea binti yake Alex bunduki kichwani, akacheza kamari: akasema huyo si mtoto wangu, hana maana kwangu. Wakampiga risasi mbele yake. Msimu wa sita Ilana anamfunga kwa sababu amemuua Jacob, mlinzi wa kisiwa, aliyekuwa kama baba kwa Ilana, na Ben anapata nafasi ya kutoroka na bunduki mkononi. Badala ya kukimbia anaeleza. Alimwachia binti yake afe kwa ajili ya cheo, na cheo kile kile kikaondoka. Sasa anakwenda kwa adui, ule moshi mweusi uliochukua sura ya Locke, kwa kuwa ni yeye peke yake atakayempokea. Ilana anamwambia kwamba yeye atampokea. Anageuka, anarudi kambini, hamtazami tena. Ben anamfuata. Pale ufukweni anamkuta mama mmoja wa kambini anahangaika na turubai na anamuuliza kama anahitaji msaada. Mtawala wa jana anashika ncha ya turubai. Nimeona mahubiri marefu kuhusu toba yasiyofika hapo.

Jack anafika mwisho wake kwa njia hiyo hiyo. Bomu la haidrojeni alilosisitiza lilipuliwe, ili historia yote ifutike, limemgharimu Sawyer Juliet wake. Katikati ya msimu wa sita wanatembea usiku na tochi, Hurley mbele, na Jack anamweleza kwamba tangu Juliet afe amekuwa akitaka kurekebisha kila kitu, na sasa anaona hawezi. Labda kazi yake ni kuachia. Hurley anawapeleka kwa adui akiwa na hofu, bila mpango mzuri, na Jack anamfuata. Hicho ndicho kitendo kikubwa cha Jack kuliko kupigana juu ya mwamba. Anapokubali baadaye kuwa mlinzi wa kisiwa, anakubali akijua ni kwa muda mfupi, na kabla ya kushuka kwenye pango la nuru kufa, anamwomba Hurley ashike. Hurley analia na kukataa. Anapokubali, anauliza Ben afanye nini sasa, na Ben anamjibu kwamba afanye anachokijua kuliko wote, atunze watu; na kama zamani watu hawakuruhusiwa kuondoka kisiwani, hiyo ilikuwa namna ya Jacob, huenda kuna namna iliyo bora zaidi. Hurley anamwomba Ben awe msaidizi wake. Mtu aliyedanganya kila mtu anaombwa msaada na mtu asiyeweza kudanganya.

Kisha hadithi inafungwa, na utawala wa Hurley hatuuoni. Ningetoa mafumbo yote ya moshi mweusi nipate msimu mmoja wa kazi hiyo: mgao wa maji mwaka wa pili, ugomvi wa kwanza anaoshindwa kuusuluhisha, siku Ben anapotamani tena kuamuru. Tulichopewa ni nyongeza fupi iliyotoka na DVD mwaka 2010, ya dakika zisizozidi 12. Ndani yake Ben anafika ghala la Dharma huko Guam, ambako wafanyakazi wawili wamekuwa wakifunga na kutuma chakula kisiwani miaka yote bila kujua kinakwenda kwa nani. Anawaambia kazi imekwisha, anawapa malipo yao, na hawaachi waondoke bila kujibiwa walichouliza. Kutoka hapo anakwenda kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, ile ile alikowahi kulazwa Hurley, kumtafuta Walt, mtoto aliyekuwa sababu ya damu ya Ana Lucia na Libby, na ambaye tamthilia yenyewe ilikuwa imemsahau kwa misimu. Hurley anangoja nje ndani ya kibasi, na anamwambia Walt kwamba ana kazi kwa ajili yake. Yaya aliomba turudishe nyuma tuitazame tena sehemu ya Guam, pale wanapolipwa.